Gari la rimoti na udongo wa Nairobi: namna ya kulitunza mwenyewe

Magari mengi ya rimoti yanayofika mezani kwangu hayajavunjwa na ukuta wala ukingo wa barabara. Yameuawa na udongo. Mimi ni fundi wa cherehani, kibanda changu kiko karibu na River Road, na jioni wateja wa cherehani wakishaondoka natoa magari haya chini ya meza: yangu, ya watoto wa mtaa ninakoishi Umoja, na ya watu wazima walioyanunua kwa pesa nzuri kisha wakaambiwa hayatengenezeki. Yanatengenezeka. Tena kazi kubwa unaweza kuifanya mwenyewe juu ya gazeti sebuleni, ukiwa na brashi, sindano, spana chache na subira.

Kijitabu kinachokuja ndani ya boksi kimeandikwa na mtu aliyeko Japani, Marekani au China. Hajaona vumbi la Kabete mwezi wa pili wala tope la Kayole mwezi wa nne. Atakwambia usafishe gari baada ya kulitumia, basi. Hakwambii usafishe kwa maji au bila maji, mafuta yaende wapi na wapi yasiguse kabisa. Kwa hiyo sitaanza na skrubu. Nitaanza na udongo, kwa sababu ndio unaoamua utafanya nini ukifika nyumbani.

Umeendesha wapi leo?

Upande wa magharibi wa jiji, kuanzia Dagoretti na Kabete hadi Kikuyu, na kaskazini ukipanda Ruaka kuelekea Kiambu, udongo ni mwekundu. Kiangazi unageuka vumbi laini linalopenya hata palipofungwa. Likiwa kavu, vumbi hili halina ubaya mkubwa. Ubaya huanza likikutana na mafuta. Hapo linakuwa sawa na ile pesti ambayo mafundi wa injini husagia valvu, nalo litasaga ekseli, beringi na meno ya gia bila wewe kusikia lolote.

Gari lililotoka kwenye vumbi jekundu usiliguse na maji. Liache lipoe, kisha chukua brashi kavu ya rangi ya inchi 2, yenye nywele laini, ulipanguse kutoka juu kwenda chini. Mswaki mzee unafaa kwenye viungo vya mikono ya magurudumu na nyuma ya rimu. Vijana wa pancha watakupulizia upepo ukiwaomba vizuri, na upepo ni mzuri sana kwa chasisi, lakini shika kila gurudumu lisizunguke, na usielekeze mdomo wa bomba kwenye beringi. Upepo wa nguvu husukuma vumbi lipite chini ya mpira wa beringi. Halafu tangi za kompresa hushika maji, kwa hiyo puliza kando kwanza, uone kama kunatoka matone, ndipo uelekeze kwenye gari.

Huku kwetu Eastlands, Umoja, Kayole, Embakasi mpaka Ruai na Syokimau, ni udongo mweusi, ule ambao wajenzi huuchimba na kuuhamisha kabla ya kumwaga msingi. Ukilowa unanata. Unajaza rimu, unajikusanya ndani ya matairi, na gari linakuwa zito kuliko mota ilivyopangiwa. Hapo ndipo mota na kidhibiti mwendo (kifaa kinachopimia mota umeme) huungua. Magurudumu yakianza kukusanya tope, simamisha gari, hata kama mtoto analia. Kijiti cha mti au cha ais krimu kitatoa matonge makubwa yangali mabichi. Yaliyobaki yaache yakauke kabisa: udongo mweusi hunywea na kupasuka ukikauka, kwa hiyo baada ya usiku mmoja utabanduka vipande vipande kwa kidole. Anayekimbilia kumwagia maji huugeuza uji ambao unaingia kila tundu.

Kuna vumbi la tatu ambalo watu hulisahau, vumbi la mawe. Barabara nyingi za mitaani zimemwagiwa kokoto ndogo na unga wa kware, yaani machimbo ya mawe, na ukiendesha karibu na machimbo ya Njiru umejaa kila mahali. Chembe zake ni kali. Hizi ndizo hukwaruza vijiti vya shokapu hadi mafuta yaanze kuvuja, na ndizo hukata meno ya gia za plastiki. Ukitoka huko, fungua kifuniko cha gia siku hiyo hiyo. Jiwe moja dogo likinaswa kati ya gia mbili linatosha.

Mvua nayo ina yake. Boksi likisema gari linaingia maji, maana yake ni kwamba vifaa vya umeme vimefunikwa. Beringi hazijafunikwa, skrubu za chuma hazijafunikwa, na sponji iliyo ndani ya tairi hunywa maji na kuyaficha. Ukishaendesha kwenye maji, toa betri, vua magurudumu, yakamue. Matairi mengi yana vitundu kwenye rimu au kwenye mpira wenyewe vya kutolea maji. Kama hayana, toboa viwili vidogo kwenye mpira, pande zinazotazamana, kisha zungusha gurudumu kwa kasi maji yaruke nje. Weka gari kwenye kivuli chenye upepo. Usilianike juani wala juu ya jiko. WD-40 husaidia kufukuza maji kwenye beringi na viungo vya chuma, ila si mafuta ya kudumu: ikishakauka, weka mafuta halisi panapostahili.

Panapostahili mafuta, na pasipostahili

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo kazi yangu ya mchana na hii ya jioni zinapoachana. Cherehani hupenda mafuta. Ikikaa wiki ya kazi bila tone, inalia. Gari la rimoti lililo wazi kwenye vumbi halitaki hivyo. Watu wanaotoka kwenye baiskeli na pikipiki hufika nyumbani na kopo la oili wakamimina kila kinachozunguka, wakiamini wanalipenda gari lao. Wiki mbili baadaye wananiletea.

Gia zilizo wazi, yaani gia ndogo ya chuma iliyo kwenye mota na gia kubwa ya plastiki inayoshikana nayo, huendeshwa kavu. Plastiki ile imetengenezwa iteleze yenyewe. Viungo vya mikono ya magurudumu, kavu. Mipira ya usukani, kavu. Grisi inakaa ndani ya giaboksi iliyofungwa na ndani ya difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya pande mbili. Mafuta au grisi inakaa ndani ya beringi. Tone moja la mafuta mepesi linakaa kwenye kila ncha ya mota ya kawaida, pale shafti inapotokea. Kwingine kote ni brashi kavu tu.

Beringi ndizo roho ya gari hili. La kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, kwa kawaida lina mbili kila gurudumu, na nyingine ndani ya giaboksi na difu. Kuzipima hakuhitaji chombo. Vua gurudumu, shika ekseli kwa vidole viwili, izungushe polepole. Usiizungushe kwa kasi, kasi huficha ubovu. Beringi nzima huteleza kimya. Ukihisi kitu kinakwaruza kwenye ncha za vidole, mchanga umeshaingia. Kisha isukume juu na chini. Ikiwa inacheza, imekwisha, usipoteze muda kuisafisha.

Iliyo na mchanga lakini haichezi, inaokoka. Zile za ubavu wa mpira huandikwa 2RS, na ubavu huo unatoka. Mimi hutumia sindano ya cherehani, namba 16 au 18, si zile nyembamba za kitambaa chepesi. Ingiza ncha kwenye ukingo wa mpira ulio upande wa tundu la katikati, inua kidogo kidogo ukizunguka, na mpira utatoka mzima bila kupinda. Chini yake utaona vigololi vimejipanga ndani ya kishikio chao. Tazama rangi ya grisi. Grisi mpya huwa nyeupe au ya asali, na mwanga hupita. Grisi iliyokula vumbi letu jekundu huwa na rangi ya tofali, na ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada unasikia chembe. Iliyokula udongo mweusi huwa ya kijivu na nzito, chembe huzisikii, ila vigololi vimekwama.

Weka beringi kwenye kikopo chenye mafuta ya taa kidogo, itikise, mwaga, weka mengine, rudia hadi yatoke safi. Fanya hivi nje, mbali na jiko na sigara. Malizia kwa spiriti ya kemisti, kisha iache ikauke juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi. Usiipulizie upepo ikazunguka ikiwa haina mafuta ndani. Kasi ile bila ulainishaji huikwaruza.

Sasa una uchaguzi. Anayeendesha kwenye lami au sakafuni na anataka wepesi, aweke matone mawili ya mafuta ya cherehani, yale meupe. Kwa vumbi la nje mimi huchagua grisi, theluthi moja ya nafasi iliyomo, si zaidi. Ikijaa tele, beringi inapata joto na mpira unasukumwa nje. Rudisha mpira kwa kuubonyeza kwa kidole kuzunguka ukingo, hadi usikie umekaa.

Ukihitaji mpya, usiende dukani ukasema unataka beringi ya gari la rimoti. Nenda na vipimo: kipenyo cha tundu, kipenyo cha nje, na unene. Ya milimita 5 kwa 11 kwa 4 huitwa MR115. Ya 5 kwa 10 kwa 4 ni MR105. Ya 10 kwa 15 kwa 4 ni 6700. Ukizitaja kwa namba hizo na kuongeza 2RS, muuzaji wa beringi wa Kirinyaga Road anajua unachotaka, hata kama hana siku hiyo na itabidi aagize. Zenye ZZ zina ubavu wa bati, na bati halizuii vumbi sawasawa na mpira. Ikiwa gari lako ni la kuunganisha mwenyewe, mfano mengi ya Tamiya, angalia pia kama lilikuja na pete za plastiki mahali pa beringi. Hizo ndizo za kwanza kubadilisha, kabla hujafikiria mota yenye nguvu zaidi.

Gia na sauti yake

Gia ndogo na kubwa zikibanana sana, gari linalia kwa sauti nyembamba, mota inapata moto na betri inaisha upesi. Zikiachana sana, zinagongana, zinatoa mlio wa kukatakata, na meno ya plastiki yananyolewa siku moja. Nafasi sahihi hupimwa kwa karatasi. Kata ukanda wa karatasi ya daftari la shule, uingize kati ya gia mbili, sukuma mota hadi gia zishike karatasi, kaza skrubu za mota, kisha zungusha gia karatasi itoke. Itoke imekunjwakunjwa lakini haijakatika. Imekatika? Umebana mno. Rudia, halafu jaribu sehemu tatu nne za mzunguko, kwa kuwa gia kubwa mara nyingi haiko duara kamili.

Gia ndogo hushikwa kwenye shafti na skrubu moja isiyo na kichwa. Shafti ina upande uliobapa. Skrubu ile lazima ikae juu ya ubapa huo. Ikikaa upande wa duara, italegea katikati ya uwanja na utadhani mota imekufa. Weka tone la gundi ya kuzuia skrubu kulegea, ile ya rangi ya bluu, na uiweke tu pale chuma kinapokutana na chuma. Kwenye plastiki haina kazi, tena huweza kuipasua. Siku ikikataa kufunguka, weka ncha ya chuma cha kulehemu juu ya skrubu ipate moto, gundi italainika.

Mota

Mota za brashi nazijua kutoka kwenye cherehani za umeme. Ni ukoo mmoja. Ndani kuna vipande viwili vya kaboni vinavyosugua shaba inayozunguka. Kaboni hulika, hiyo ndiyo kazi yake, na unga wake mweusi hujaa ndani. Kama mota yako inafunguka, toa kaboni utazame urefu: ikibaki kidogo kuliko springi inavyoweza kusukuma, badilisha zote mbili pamoja. Shaba ikiwa ya kahawia laini, iache hivyo. Ikiwa nyeusi yenye alama za kuungua, isugue kwa msasa laini sana, isafishe, kisha jiulize kwa nini iliungua. Mota nyingi za bei nafuu hazifunguki. Hizo zipulizie spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme, inayouzwa Luthuli Avenue, kupitia madirisha yake, ziache zikauke, kisha tone moja la mafuta kila ncha. Moja. La pili huteremka kwenye shaba na kuleta cheche chafu.

Mota zisizo na brashi hazina cha kulika isipokuwa beringi mbili, kwa hiyo kazi yako ni kuziweka safi na kutazama joto.

Joto, basi. Baada ya kuendesha kwa dakika tano, simama uguse mota. Ukiweza kuweka kidole na kukihesabia hadi tano, endelea. Ukikiondoa kabla, pumzisha gari utafute sababu: gia zimebana, kuna tope, nyasi zimejisokota kwenye ekseli, au gia ndogo ya mota ina meno mengi mno. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyembamba kuliko ya Mombasa. Hewa nyembamba hubeba joto kidogo, kwa hiyo mota ambayo inatosheka pwani inaweza kuhitaji feni hapa. Wenye magari ya injini ndogo ya nitro wanakutana na jambo hilo hilo kwa njia nyingine: hewa kidogo maana yake mafuta yanazidi, injini inatoa moshi mzito na kulegea. Funga sindano ya mafuta, ile skrubu ya kabureta, kidogo kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja, ukitazama moshi. Moshi mwembamba ubaki siku zote. Ukipotea kabisa, umekausha injini, na itajila.

Shokapu, kwa ufupi

Zikivuja, badilisha mipira ya ndani na uangalie kijiti kama kimekwaruzwa. Mafuta ni ya silikoni, uzito wa 30 hadi 40 kwa gari la kawaida. Usiweke oili ya injini, nayo hufurisha mipira. Usiweke kabisa mafuta ya breki, yanayeyusha plastiki. Jaza, shusha pistoni polepole, ngoja mapovu yapande yaishe, kisha funga. Shokapu mbili za mbele ziwe sawa mkononi, na mbili za nyuma vilevile. Difu yenye mafuta mazito hujazwa kwa sirinji ya kemisti bila sindano, na hata humwagi.

Betri, ambazo hazisamehi

Haya mengine yote ukikosea unapoteza kifaa. Betri ya lipo (LiPo, lithiamu polima) ukikosea unaweza kupoteza nyumba, na nyumba zetu nyingi zimepakana ukuta kwa ukuta na za majirani. Kwa hiyo soma polepole.

Kila seli ya lipo ina volti 3.7 za kawaida. Ikijaa kabisa ni 4.2. Isishuke chini ya 3.0 hata siku moja, na mimi husimama kwenye 3.4 au 3.5. Betri ya seli mbili imeandikwa 7.4, ya seli tatu 11.1. Tumia chaja inayosawazisha seli, ile yenye waya mdogo mweupe wa pembeni, na chomeka waya huo kila mara. Nguvu ya kuchaji isizidi uwezo wa betri: betri ya miliampea 5000 ichajiwe kwa ampea 5 au chini.

Chajia juu ya sakafu ya saruji au vigae, ndani ya sufuria kuukuu au karai lililotandazwa mchanga, mbali na pazia, kochi na mlango wa kutokea. Mtu awepo. Usichaji ukiwa umelala. Na kwa kuwa stima yetu hupotea na kurudi itakavyo, jua chaja yako inafanya nini ikirudi: nyingine husimama zikingoja amri, nyingine huanza upya. Umeme ukirudi, iangalie kabla hujaiacha iendelee, uhakikishe bado inasoma aina na idadi sahihi ya seli.

Betri ikivimba, imekwisha, hata kama bado inaendesha gari. Usiitoboe itoe hewa. Kuna watu mitaani hufanya hivyo, nakusihi usiwe mmoja wao. Ipeleke nje, iunganishe na balbu ya gari ya volti 12, iache ing'ae hadi izimike yenyewe, mbali na kitu kinachoshika moto. Kisha funga ncha zake kwa tepu ya umeme. Usiitupe kwenye pipa wala kwenye jalala. Majalala yetu huchomwa, na wapo ndugu zetu wanaochambua taka humo kwa mikono mitupu. WEEE Centre hapa Nairobi hupokea taka za kielektroniki. Kusanya zako na za jirani mpeleke pamoja.

Betri za NiMH (za nikeli), zile za seli sita za volti 7.2, ni pole zaidi. Ziache zipoe kabla ya kuchaji, na ziache zipoe tena kabla ya kutumia.

Skrubu na bodi

Nunua spana za pembe sita zilizo nzuri, za milimita 1.5, 2.0 na 2.5. Zile zinazokuja bure kwenye boksi ni za kuunganisha mara moja, zikilika zitaharibu vichwa vya skrubu zote. Magari ya Kijapani yana skrubu za msalaba zinazofanana na zetu lakini si zilezile. Bisibisi ya kawaida huteleza humo na kula kichwa. Tafuta yenye alama ya JIS.

Na hili ni la kila skrubu inayoingia kwenye plastiki: kabla ya kuikaza, izungushe kinyume kwanza, polepole, hadi uhisi imedondoka kidogo. Hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani. Sasa kaza kwa vidole viwili tu, usitie kiganja. Kijana mmoja wa Donholm aliniletea gari ambalo kila tundu limelegea, akaniuliza, "Fundi, niweke skrubu nene?" Nilimwonyesha hilo la kuzungusha kinyume, akalijaribu kwenye tundu ambalo lilikuwa bado zima, nikaona uso wake umebadilika alipohisi skrubu ikidondoka. Yale yaliyolika tuliyajaza plastiki ya utepe wa kufungia waya, tukaanza njia mpya.

Bodi za plastiki nyembamba inayopitisha mwanga hupasuka kwenye mikunjo na karibu na magurudumu. Mwisho wa ufa toboa kitundu kidogo, ufa hautaendelea. Upande wa ndani bandika utepe wa wavu ambao mafundi wa jipsam hutumia kwenye dari, upo kila hadiwea, kisha paka juu yake gundi ya viatu ya ile aina inayokauka ikabaki mpira. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana kama haili rangi. Rekebisho hili ni zito kidogo, ila hudumu kuliko bodi yenyewe.

Usiyapuuze magari ya mtumba ya Gikomba na Toi. Mara nyingi hayana rimoti, na muuzaji anayaona hayana thamani. Ndani yake mna mota, gia, rimu, springi na skrubu. Ukiliona zima, tia kipokezi na rimoti mpya ya 2.4 GHz, sevo ya usukani (mota ndogo inayogeuza magurudumu) na kidhibiti mwendo, utakuwa na gari. Sevo ikinguruma gari likiwa limesimama, rekebisha mizani ya usukani kwenye rimoti hadi inyamaze. Isiponyamaza, kuna kiungo kimekwama, tafuta kwanza hicho.

Mvua ndefu zikifika

Kuanzia Machi hadi Mei wengi wetu tunayaweka magari kando. Yawekwe yakiwa safi na makavu. Toa betri, iache kila seli kwenye volti 3.8 hivi, chaja nyingi zina mpango wa kuhifadhi unaofanya hivyo wenyewe. Itie kwenye kopo la bati lisilofungwa likabana, mahali pasipopigwa na jua. Toa pia betri ndogo za rimoti, zikivuja ndani zitakula vishikio vya shaba. Inua chasisi juu ya kipande cha mbao magurudumu yasiguse chini, sponji zisibapae. Legeza skrubu zozote ulizozitilia shaka, na andika kwenye karatasi ndogo ndani ya boksi beringi zipi zinasubiri kubadilishwa, kwa namba zake.